Kidole Gumba cha Kitanda Namba Saba

Jumatatu, 16 Juni

Madamu Chenge, mwalimu wetu wa vitendo, leo amerudia mbele ya wodi nzima kwamba jambo lisiloandikwa kwenye faili la mgonjwa ni sawa na halijafanyika. Nimelitafakari wakati wa chai. Maana yake ni kwamba lililoandikwa limefanyika. Nashangaa kwa nini hakulisema mapema. Kazi imekuwa nyepesi sana.

Kwa hiyo naandika. Jina: Obedi Shimba. Umri: ishirini na tatu. Mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili, sasa niko mazoezini wodi ya upasuaji wanaume. Makazi: chumba kimoja Kiseke, bati linavuja upande wa kitanda. Joto la mwili: kawaida. Upumuaji: 20.

Hali ya masomo: mahututi. Mtihani wa vitendo nimeufanya mara mbili na mara mbili nimeanguka. Mara ya kwanza nilimpa uji mgonjwa aliyekuwa anasubiri kuingia chumba cha upasuaji. Vikombe viwili, maana alisema ana njaa. Mara ya pili niliulizwa, kati ya wagonjwa wanne, naanza na nani. Nikaanza na aliyekuwa anapiga kelele kuliko wote. Kumbe yule aliyelala kimya ndiye alikuwa anaishiwa damu. Sasa ningejuaje? Hakusema!

Ijumaa ni mara ya tatu. Ya nne haipo. Ukianguka hapo unadisko, chuo kinakufuta, unapewa barua, unarudi nyumbani. Nyumbani ni Bujora. Mama amewaambia watu wote wa Bujora, kanisani na mnadani, kwamba mwanawe ni daktari. Sijamsahihisha. Nikienda likizo majirani wananiletea magoti yao niyaangalie. Nayaangalia. Nikirudi na barua, baba mdogo ana ng'ombe thelathini na mchungaji wake ameacha kazi. Ameshanipigia simu kunijulisha, kwa upole kabisa, kwamba nafasi ipo.

Mtihani wa safari hii uko hivi. Unapewa mgonjwa mmoja, mgonjwa wa kweli, kitandani kwake. Madamu anasimama pembeni na fomu. Anauliza: muuguzi, umeingia zamu, umemkuta mgonjwa huyu, unaanza na nini? Mimi huwa nakosea hapo mwanzo. Baada ya hapo nakosea pia, ila kwa kujiamini.

Mpango: nipate mgonjwa rahisi.

Mchana nimepita vitanda vyote kuchukua vipimo. Saa yangu ilisimama mwezi wa nne, kwa hiyo upumuaji siuhesabu, nauangalia tu. Wote walikuwa wanapumua. Nimeandika 20 kwa wote kumi na wawili.

Modesta Maige, tunayesoma naye darasa moja, ana saa ya kubana kifuani yenye mshale wa sekunde. Anasimama kila kitanda dakika nzima, midomo ikichezacheza. Leo ameandika 17, 22, 19, 26. Kujionyesha tu.

Jumanne, 17 Juni

Mgonjwa rahisi amepatikana! Kitanda namba saba. Mzee Okal, mchuuzi wa samaki, mtu wa Rorya. Juzi Jumapili aliteleza kwenye mawe ya mwaloni Pasiansi, mitumbwi inakoshusha samaki, akikagua sangara wake, mfupa wa muundi ukavunjika. Hana sukari. Hana presha. Hana pumu. Ana mguu mmoja uliovunjika na mmoja mzima, na tabia njema. Nilipompa shikamoo aliitika marahaba na kuniuliza kama nimekula. Mgonjwa wa namna hiyo hata ng'ombe anaweza kumhudumia.

Mwenye kitanda namba tisa ameruhusiwa leo asubuhi. Kitanda kimetandikwa shuka safi. Pazuri kwa kukaa na kuwaza.

Tatizo ni kura. Wagonjwa hatuchagui. Madamu anakunja vikaratasi vyenye namba za vitanda, anavitia kwenye bakuli la chuma la wodini, kila mwanafunzi anachota kimoja. Kesho ndiyo kesho.

Nimejitolea kuandaa vikaratasi. Madamu ameniangalia kwa muda mrefu, kisha akasema ni vizuri nimeanza kupenda kazi.

Karatasi ya namba saba nimeipaka dawa ya kuchua, ile ya mafua yenye harufu kali. Nitainusa tu. Hakuna binadamu aliyewahi kuwaza jambo hili.

Jumatano, 18 Juni

Modesta ana mafua.

Alikuwa wa kwanza kuchota. Aliinamia bakuli, akavuta pumzi, akasema jamani kuna kitu kinazibua pua humu, akaifuata harufu kwa mkono. Namba saba. Akaendelea kuinusa karatasi hadi mwisho wa kikao.

Mimi nimepata kumi na moja. Mzee Ngosha. Kidonda cha sukari, presha, pumu, dawa tisa kwa siku, na hasira. Aliponiona nasoma faili lake alimwita Sista Selina, Inchaji wa wodi, akauliza kama hakuna mwingine.

Nilimvizia Modesta kwenye sinki la kunawia. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilitaka nimwambie kwamba mtu mwenye akili kama yake kumpa mguu uliovunjika ni kumdharau, na kwamba Mzee Ngosha ana magonjwa matatu, na atakaa kwenye fomu ya Madamu kama bibi harusi. Sikufika hata kwenye neno akili. Nilipotamka tu kumi na moja akasema tubadilishane, twende kwa Madamu sasa hivi kabla sijageuza mawazo. Alikuwa anatabasamu. Sijapenda alivyotabasamu.

Madamu amekubali, mradi tumekubaliana wenyewe.

Sehemu ya pili ya mpango nimeianza jioni, saa ya kuona wagonjwa, maana Mzee Okal ndugu zake wako mbali. Nimemweleza hali yangu yote. Mitihani miwili, uji, barua, Bujora, ng'ombe. Alicheka hadi kitanda kikatingishika. Akauliza ninataka afanye nini.

Nikamfafanulia. Madamu hutazama macho ya mwanafunzi, mikono ya mwanafunzi na midomo ya mgonjwa. Miguu haitazami. Mguu uliovunjika hukaa wazi juu ya mto, vidole nje. Nikitoa jibu sahihi, Mzee anachezesha kidole gumba. Nikitoa jibu baya, kidole kinatulia, nami nabadilisha. Basi!

Aliuliza kama huo si wizi wa mtihani. Nilimwambia ni ushirikiano kati ya mgonjwa na muuguzi, uko sura ya kwanza ya kitabu. Akauliza yeye atajuaje jibu sahihi. Nikamwonyesha desa langu, madokezo ya kurasa sita, maswali kumi na mawili ambayo Madamu huuliza kuhusu mtu aliyevunjika mguu. Akavaa miwani. Alikuwa mwalimu wa kwaya miaka ishirini, akasema, nyimbo mia mbili ziko kichwani, haya yatapata nafasi. Lakini kwa sharti moja: nimweleze maana ya kila kitu, hataki kukariri kama kasuku.

Ikabidi na mimi nisome.

Alhamisi, 19 Juni

Mzee Okal ni hatari. Asubuhi tu alikuwa ameshika yote kumi na mawili, na namba sita anaisema kwa mpangilio kama anaimba. Namba sita ni dalili za hatari kwa mtu aliyefungwa hogo, lile gamba jeupe gumu la kushikilia mfupa. Maumivu makali yasiyosikia dawa. Vidole kuwa vya baridi. Vidole kubadilika rangi. Ganzi. Kushindwa kuvichezesha. Maana yake damu haifiki, mguu unabanwa ndani kwa ndani, na usipowahi unakatwa.

Akaniuliza, sasa ukiona hayo unafanyaje? Nikasema nampa dawa ya maumivu na kumfariji. Kidole kikatulia tuli. Nikasema nainua mguu juu zaidi. Tuli. Akavua miwani, akasema nyathina (ndivyo anavyoniita, mwanangu kwa Kijaluo), umeandika wewe mwenyewe hapa, ukurasa wa nne: toa mto, mguu ukae usawa wa moyo, ita daktari hapo hapo, hogo lipasuliwe, asile wala kunywa maana huenda akaingia chumba cha upasuaji.

Kweli nimeandika. Mwandiko ni wangu.

Tumefanya majaribio mara nne. Kidole kinafanya kazi vizuri ajabu. Kinaruka!

Nimeongeza sharti la mwisho. Siku ya mtihani asilalamike chochote. Mgonjwa anayelalamika huzaa maswali ya nyongeza, na maswali ya nyongeza hayamo kwenye kurasa sita. Akiulizwa hali, aseme hajambo. Amenipa mkono. Amesema neno lake ni neno, na watoto wake watano hakuna aliyewahi kumwomba amsaidie masomo.

Saa kumi jioni wamemnyoosha mfupa na kumfunga hogo lenyewe, kutoka juu ya goti hadi kwenye vidole. Limetoka safi. Aliniambia linambana kidogo. Nikamwambia kiatu kipya nacho hubana.

Madamu ameniagiza, kwa kuwa ni mgonjwa wangu, nijaze fomu ya vidole: kila saa moja vishikwe, viangaliwe rangi, achezeshe, iandikwe. Nikiondoka nimkabidhi wa zamu. Kila saa! Nami nina mtihani kesho! Nimekaa pale kitanda namba tisa nikaijaza yote kwa mkupuo, kuanzia saa kumi na moja ya leo hadi saa sita mchana kesho. Vidole vya moto, vinachezeka, upumuaji 20. Nimebadilisha kalamu mara mbili ili ionekane zamu tofauti. Wenzetu wa usiku wakikuta imejazwa watanishukuru, watapumzika kidogo.

Nimeandika, kwa hiyo imefanyika. Nimelala mapema kama mtoto.

Ijumaa, 20 Juni

Naandika mchana.

Nilifika saa mbili asubuhi kwa mazoezi ya mwisho. Mzee Okal alikuwa ameshaamka. Hakuwa amegusa chai. Nilimpa shikamoo, akaitika kwa mbali. Kisha akasema, tena taratibu, kwamba tangu alfajiri mguu unauma sana, dawa aliyopewa haikusaidia, vidole vina ganzi, na akivigusa anaona kama ni vya mtu mwingine.

Nilifurahi sana. Nikamwambia safi kabisa, Mzee, namba sita hiyo, umebakiza rangi na kuchezesha.

Alinitazama. Akafungua mdomo, halafu akaufunga. Nikamkumbusha sharti la kutolalamika. Akasema anakumbuka.

Modesta aliingia kwanza, na Mzee Ngosha wake. Nilisikia anauliza, anahesabu, anauliza tena. Mzee Ngosha alimwita mwanangu. Mzee Ngosha!

Saa nne kamili zamu yangu. Madamu Chenge na fomu, Sista Selina pembeni kama shahidi. Mimi nimevaa shati lililopigwa pasi na Modesta kwa huruma. Mguu uko juu ya mito miwili, vidole vitano vimechungulia nje. Nikasimama mahali ninapokiona kidole gumba vizuri.

Madamu akauliza: muuguzi, umeingia zamu, umemkuta mgonjwa huyu, unaanza na nini?

Nikasema nampima joto.

Kidole kimya.

Sawa, nikasema samahani, kwanza nanawa mikono. Kimya. Najitambulisha kwa mgonjwa. Kimya. Nakagua faili. Kimya! Nahakikisha amepata kifungua kinywa. Kimya kabisa, na Madamu akaandika kitu kirefu. Nikaanza kutokwa jasho. Nikasema namgeuza, namwogesha, namwombea. Nilimwambia Madamu kwamba namwombea! Kidole hakikutingishika hata kwa hilo, na Mzee ni mtu wa kanisa.

Hapo nikaelewa. Nimesalitiwa. Modesta amemnunua, kwa maneno matamu au kwa machungwa. Lile tabasamu la Jumatano. Nikamtazama Mzee usoni nimwonyeshe kwamba nimejua. Alikuwa amekaza meno. Jasho limemjaa mpaka kwenye nyusi. Kimya kama alivyoahidi.

Nikasahau mtihani. Kwa hasira niliinama, nikakishika kidole gumba chenyewe nimkumbushe kazi yake.

Kilikuwa cha baridi. Baridi ya samaki aliyetolewa kwenye barafu. Nikakibonyeza ukucha. Ukawa mweupe, na ukabaki mweupe. Nikashika cha pili, cha tatu. Vyote.

Nikamnong'oneza, Mzee, chezesha.

Akanijibu kwa sauti ndogo, "Nyathina, nakichezesha tangu uliposema joto. Hakiendi."

Sijui nilisimama muda gani. Midomo ya Mzee ilikuwa inaendelea kusogea, nikainamisha sikio. Alikuwa anasema: toa mto.

Nikasema kwa sauti, toa mto! Nikaitoa mwenyewe yote miwili. Akasema, usawa wa moyo. Nikasema, usawa wa moyo! Akasema, ita daktari. Nikapiga kelele ya daktari ambayo nadhani waliisikia hadi mtaa wa Kirumba. Akasema, hogo lipasuliwe, nisile wala kunywa. Nikayarudia yote, neno kwa neno, namba sita, ukurasa wa nne.

Madamu Chenge alikuwa ameshatupa fomu. Sista Selina alikuwa ameshakimbia kumwita. Daktari akaja na msumeno wa hogo, ule unaolia kama nyuki wengi, na Madamu akaniambia wewe, shika mguu, usiachie. Nikashika. Wakalipasua upande huu na upande ule, wakakata na pamba ya ndani hadi ngozi ikaonekana, imevimba, inang'aa. Daktari akakaa anavitazama vidole. Sote tukavitazama. Hata Mzee Ngosha kule kumi na moja alikuwa ameinuka kitandani.

Vilichukua muda. Kisha rangi ikarudi kidogo kidogo, ikaanzia kidole cha mwisho. Daktari akamwambia Mzee ajaribu.

Kidole gumba kikacheza.

Nililia. Nililia mbele ya Modesta. Naandika hapa kwa sababu shajara hii hakuna anayeisoma. Daktari alisema wataendelea kumwangalia kwa karibu, ila tungechelewa hadi mchana tungekuwa tunaongea habari nyingine. Mzee Okal aliniwekea mkono kichwani akaniambia basi, basi, nyathina, si umejibu vizuri.

Jumamosi, 21 Juni

Nimeitwa ofisini kwa Madamu. Mezani palikuwa na fomu mbili.

Akaanza na ya mtihani. Akasema miaka kumi na minne anasahihisha, na wanafunzi wote hujibu maswali wakimtazama yeye. Mimi ni wa kwanza kumwacha na swali lake hewani nikainama kumshika mgonjwa. Nilimtazama mgonjwa mguuni muda wote, akasema, hilo alilishuhudia. Mwanzo nilijibu upuuzi. Lakini mwisho nilifanya kila kitu kwa mpangilio sahihi na bila woga. Alama hamsini na tano. Ya kufaulu ni hamsini.

Nimefaulu! Nilitaka kumkumbatia. Bahati nzuri meza ilikuwa katikati.

Kisha akaisogeza fomu ya pili. Ya vidole. Aliniuliza, kwa sauti ya chini, jana saa nne alipokuwa amesimama pale, fomu ilijuaje kwamba saa sita mchana vidole vitakuwa vya moto? Akaniambia wa zamu ya usiku walikuta imejazwa wakadhani kuna mwanafunzi amepewa kazi hiyo, wakaenda kwa wagonjwa wengine, nao wataulizwa kivyao. Usiku kucha hadi asubuhi hakuna aliyevishika vidole vya Mzee Okal. Karatasi ndiyo iliyokuwa inamhudumia.

Akatoa na vipimo vya wiki nzima. Vitanda kumi na viwili, wote 20. Akaweka kidole kwenye kitanda namba tisa. Akauliza mgonjwa huyo anaendeleaje. Nikasema vizuri. Akasema kitanda hicho kiko tupu tangu Jumanne.

Halafu akasema jambo ambalo lilinichoma. Alimuuliza Mzee Okal kwa nini hakulalamika tangu alfajiri. Mzee alimjibu kwamba hakutaka kumharibia mtoto mtihani. Habari ya kidole Mzee hakuitaja. Alisema tu kwamba huyu kijana ndiye aliyemfundisha dalili zote, alikaa naye siku mbili akimsomea.

Niliona aibu. Aibu ya kweli. Nimeiandika, kwa hiyo imefanyika.

Adhabu: wiki mbili, asubuhi na jioni, nihesabu upumuaji wa kila mgonjwa wodi nzima, dakika kamili kila mmoja. Amevua saa yake mwenyewe ya kifuani akanibandika. Amesema nikibuni namba moja tu, alama ya mtihani anaifuta na barua ya kwenda Bujora ataiandika yeye kwa mkono wake. Nimeapa. Niliapa kwa mama.

Jioni nilimpigia mama. Nikamwambia nimefaulu, na mguu wa mtu umepona. Amelia kwa furaha. Hadi ninapoandika hapa Bujora nzima wanajua kwamba nimefanya upasuaji.

Jumatatu, 23 Juni

Siku ya kwanza ya maisha mapya. Nimeamka mapema. Saa ya Madamu kifuani, inang'aa. Modesta ameiona. Asubuhi nzuri.

Mzee Okal anaendelea vizuri. Kidole kinacheza hata bila kuulizwa. Nilikwenda kumwomba msamaha rasmi. Alisema ameshasahau. Akaongeza kwamba nikiwa muuguzi kamili nimwambie nimepangiwa hospitali ipi, ili akivunjika tena ajue pa kupita bila kuingia. Nadhani anahofia nitakuwa na wagonjwa wengi sana.

Nimekaa nikatafakari kwa kina kosa lilikuwa wapi. Lazima mtu ajifunze. Nimeliona: kidole cha mguu hakifai kwa mgonjwa aliyevunjika mguu. Mwezi wa nane tunahamia wodi ya tumbo. Huko miguu yao ni mizima, lakini nadhani sikio ni salama zaidi. Nitatafuta mtu anayeweza kuchezesha masikio. Bora awe mtu wa kwaya.

Kisha nikaanza kuhesabu. Kitanda cha kwanza, dakika nzima: 18. Cha pili: 23, nikahesabu tena maana alikohoa katikati. Cha tatu: 16. Cha nne: 25, nikamwambia Sista Selina kama inavyotakiwa, naye akaja kumwangalia akasema nimefanya vizuri kumwambia. Cha tano: 19. Cha sita: 22. Miguu inauma. Watu hawajui jinsi dakika ilivyo ndefu.

Kitanda cha saba, Mzee Okal. Mara ya kwanza aliongea. Mara ya pili alicheka. Mara ya tatu akafumba macho, nami nikamhesabu kwa makini kuliko wote, nikitazama kifua kinavyopanda na kushuka, sekunde sitini bila kupepesa.

Ishirini.

Ishirini kamili! Nikarudia. Ishirini! Sikubuni, nimeiona kwa saa ya Madamu mwenyewe. Wiki nzima naandika 20 nikionekana mzushi, kumbe namba ilikuwa sahihi, kilichokosekana kilikuwa ushahidi tu. Nimejisikia mwepesi moyoni, nikasamehe watu wote, hata Modesta.

Kwa kuwa sasa imethibitishwa, sikuona haja ya kuwasumbua waliobaki. Namba nane: 20. Namba tisa: 20. Kumi, kumi na moja na kumi na mbili: 20.

Madamu anakuja kukagua saa tisa. Nimekaa pale kitanda namba tisa namsubiri, nina amani kabisa.